Faida na hasara za kufanya kazi katika kampuni kubwa ya teknolojia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa vijana wanaotafuta kazi Google, Microsoft, Amazon, Meta (wenye Facebook) na kampuni zinazofanana nazo, na pia wa wazazi wanaotaka kujua watoto wao wanaingia wapi. Nimefanya kazi pande zote mbili, kwenye kampuni kubwa na kwenye kampuni changa, na maswali ninayoulizwa ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka mahali pamoja. Maoni ni yangu. Nilipotaja kampuni kwa jina, nimetaja mambo yaliyo wazi kwa umma.

Mnaposema "kampuni kubwa ya teknolojia" mnamaanisha zipi? Safaricom imo?

Namaanisha zile ambazo programu ndiyo bidhaa yao na wateja wao wako dunia nzima. Microsoft ilifunga mwaka wake wa fedha Juni 2024 ikiwa na wafanyakazi wapatao 228,000. Amazon ina zaidi ya milioni moja na nusu, ila idadi hiyo isikudanganye: walio wengi wanapanga na kubeba mizigo maghalani, na maisha yao hayafanani hata kidogo na ya anayeandika programu Seattle, Marekani.

Si lazima upande ndege. IBM ilifungua maabara ya utafiti Nairobi mwaka 2013, Microsoft ikaweka kituo cha uhandisi mwaka 2019, na mwaka 2022 Google ikatangaza kuwa kituo chake cha kwanza cha kutengeneza bidhaa barani Afrika kitakuwa Nairobi. Safaricom, Vodacom na benki kubwa siziweki humu, ingawa mtu aliyewahi kufanya kazi upande wa M-Pesa atazitambua haraka kamati na idhini nitakazozieleza hapa chini.

Mishahara ni mikubwa kweli kama wanavyosema mitandaoni?

Ni mikubwa, lakini unayoisoma mitandaoni ni ya California na Seattle. Kampuni hizi hulipa kwa kuangalia soko la mahali ulipo. Mhandisi wa Nairobi analipwa vizuri kuliko wenzake wengi wa Nairobi, si sawa na mwenzake wa Marekani anayefanya kazi ileile kwenye timu ileile. Wengine huudhika wakiligundua hilo baada ya kuingia. Ligundue mapema.

Malipo huja katika mafungu matatu: mshahara wa msingi, bonasi ya mwaka na hisa. Kwenye hisa ndipo watu hupotea. Ofa ikisema utapata hisa 400 kwa miaka minne, siku ya kwanza huna hata moja. Zinakuwa zako kidogo kidogo kadiri unavyobaki kazini, na kwenye baadhi ya kampuni fungu la kwanza haliji mpaka mwaka mzima uishe. Mpango wa Amazon uliojulikana kwa miaka mingi ni asilimia 5 mwaka wa kwanza, 15 wa pili, kisha 40 na 40. Ukiondoka katikati ya mwaka wa pili unakuwa umechukua chembe tu ya kile ulichowatangazia nyumbani.

Halafu bei ya hisa yenyewe haitulii. Chukua Meta. Septemba 2021 hisa moja ilivuka dola 380. Novemba 2022 ilikuwa chini ya dola 90. Mwisho wa 2023 ilikuwa imepita 350. Aliyeajiriwa wakati bei iko juu aliona thamani ya hisa zake ikishuka hadi chini ya robo. Aliyeajiriwa wakati wa vilio akatajirika. Wote wawili walifanya usaili uleule, na hakuna aliyekuwa hodari kuliko mwenzake.

Serikali nayo inasubiri. Katika nchi nyingi hisa zikishakuwa zako huhesabiwa kama mapato ya ajira, kwa bei ya siku hiyo, na hutozwa kodi papo hapo hata kama hujauza. Kenya, tangu Julai 2023, sehemu ya mapato inayozidi shilingi 800,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 35. Ongeza asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba na 2.75 ya bima ya afya ya jamii.

Ushauri wangu ni kupanga kodi ya nyumba, karo na mkopo kwa mshahara wa msingi peke yake. Hisa zichukulie kama mvua za vuli: zikinyesha, panda, zisiponyesha, usife njaa.

Ofa yangu imetoka kwa kampuni nyingine, lakini kazi ni ya kampuni kubwa. Ni kitu kimoja?

Hapana. Na hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu aulize kabla ya kuuliza mshahara.

Ndani ya kampuni hizi kuna watu wa aina mbili wanaokaa jengo moja. Kuna walioajiriwa na kampuni yenyewe, na kuna walioletwa na wakala au kampuni ya kati. Google, mwajiriwa huvaa beji nyeupe na mkandarasi beji nyekundu, kwa hiyo hata kwenye foleni ya chakula unajua nani ni nani. Machi 2019, kwa mujibu wa New York Times, Google ilikuwa na wafanyakazi wa muda na wakandarasi wapatao 121,000 dhidi ya waajiriwa 102,000. Yaani wenye beji nyekundu walikuwa wengi kuliko wenye beji nyeupe. Miezi michache kabla ya hapo, Desemba 2018, wakandarasi waliandika barua ya wazi wakilalamika kwamba mtu mwenye silaha aliposhambulia ofisi za YouTube, ambayo ni ya Google, Aprili mwaka huo, taarifa za usalama zilitumwa kwa waajiriwa tu, wao wakiwa ndani ya jengo hilohilo.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu nafasi nyingi zinazotufikia zikiwa na jina la kampuni kubwa huja kwa njia hiyo. Waliokuwa wakikagua maudhui ya Facebook kutoka Nairobi, wakitazama video za mauaji na unyanyasaji ili wengine tusizione, kwenye karatasi mwajiri wao alikuwa Sama, kampuni ya kati. Mei 2022 mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alizishtaki Meta na Sama Nairobi. Januari 2023 Sama ikatangaza kuacha kazi hiyo, na Machi wakaguzi 184 wakaenda mahakamani kupinga kuachishwa. Meta ilijitetea kuwa haipaswi kushtakiwa Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema inaweza kushtakiwa. Mwishoni mwa mwaka huo ikatoka habari kwamba zaidi ya 140 kati yao walikuwa wamepimwa na kukutwa na msongo mkali wa akili unaotokana na kiwewe.

Upande wa akili mnemba hadithi haikuwa mbali na hiyo. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kuwa wafanyakazi wa Kenya waliochambua maandishi machafu kwa ajili ya OpenAI, wenye ChatGPT, tena kupitia Sama, walikuwa wanabaki na kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa.

Sisemi kila kazi ya mkataba ni mtego. Nawajua watu waliotumia miaka miwili ya ukandarasi kujenga jina, wakaajiriwa kamili au wakaenda kwingine na wasifu mzuri. Ninachosema ni kwamba ukiipata ofa, acha kutazama nembo iliyo kwenye tangazo. Fungua mkataba, tafuta mstari unaosema "mwajiri", usome jina lililoandikwa hapo. Kisha uliza: bima ya afya inamhusu mke, mume na watoto? Hisa zipo? Mkataba ukiisha, nani anaamua kuuongeza? Nikiumwa kwa sababu ya kazi yenyewe, nani ananitibu? Ukijibiwa kwa kuzungushwa, jibu umeshalipata.

Usaili ukoje?

Mrefu na unachosha. Simu ya kwanza, jaribio la programu, halafu siku nzima ya watu wanne au watano, kila mmoja na maswali yake. Amazon watakuuliza sana habari za nyuma, ulifanya nini wakati fulani, na maswali yote yamefungwa kwenye kanuni zao 16 za uongozi, kwa hiyo zisome. Wengi wenye uwezo huanguka mara ya kwanza kwa sababu walijifungia na mafumbo ya programu wakasahau kuzungumza. Wasaili wanataka kusikia unavyofikiri. Ukikaa kimya nusu saa kisha ukatoa jibu sahihi, unaweza kukosa nafasi na usijue kwa nini.

Nitajifunza nini ambacho sitakipata kwingine?

Nidhamu. Hili ndilo jambo kubwa zaidi nililolipata, na ninalithamini kuliko pesa zenyewe, ingawa pesa nilizila.

Kwenye kampuni changa nyingi mtu anaandika msimbo usiku, anaupandisha kwenye seva, analala. Kwenye kampuni kubwa hakuna mstari unaoingia bila mtu mwingine kuusoma. Mara ya kwanza unaona kama dharau. Unaleta mabadiliko ya mistari ishirini, yanarudi na maoni kumi na tano: kwa nini jina hili, itakuwaje mtandao ukikatika hapa, jaribio lake liko wapi. Baada ya muda unaanza kuyasikia maswali hayo kichwani kabla ya kuyaandikiwa. Siku hiyo umekuwa mhandisi.

Lakini kuna kitu hawatakwambia wanapokuajiri. Sehemu ya ujuzi huo haitoki nje ya lango. Google kwa miaka mingi imeendesha mashine zake kwa mfumo wa ndani uitwao Borg. Ulimwengu wa nje unatumia Kubernetes, zana ya kuendesha programu kwenye seva nyingi, iliyotolewa mwaka 2014 kutokana na uzoefu huo. Mtu anaweza kukaa miaka sita akawa bingwa wa zana ambazo ukitoka hazipo, akajikuta anajifunza upya vitu ambavyo kijana wa Sinza au Rongai anavifanya kila siku kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ukiwa ndani, tenga muda wa kugusa zana za nje.

Ni kweli watu wa kampuni kubwa hawafanyi kazi nyingi?

Wanafanya. Ila kiasi kikubwa cha kazi si kuandika programu, na mgeni akitazama kwa mbali anaona watu wa vikao.

Tuseme unataka kubadilisha maneno kwenye kitufe kimoja cha malipo. Kampuni changa, ni kazi ya dakika tano. Kampuni kubwa, kwanza unaandika waraka wa ukurasa mmoja kueleza kwa nini. Mbunifu anaupitia. Mwanasheria anaangalia kama neno jipya linaahidi kitu. Watu wa faragha wanauliza kama utakusanya taarifa mpya. Maneno yanatumwa kutafsiriwa kwa lugha arobaini, na ya Kijerumani yanarudi marefu kiasi cha kuvunja kitufe, kwa hiyo unarudi kwa mbunifu. Kisha unaruhusu asilimia moja ya watumiaji waone, unasubiri wiki, unatazama takwimu, unapanda hadi tano, hadi hamsini. Katikati ya safari timu nyingine inakuandikia kuwa wao pia wanabadilisha ukurasa huohuo, subirini kwanza.

Wenye haraka huchanganyikiwa. Lakini kitufe hicho kinabonyezwa na watu mamilioni kwa siku. Ukikosea asilimia moja tu, umewakosea makumi ya maelfu ya watu. Mimi ucheleweshaji huo nimeutetea na kuutukana, mara nyingine katika wiki moja.

Nikiharibu mfumo, nitafukuzwa?

Kwa kosa la kawaida, mara nyingi hapana, na hapa kampuni kubwa zinawashinda waajiri wetu wengi kwa mbali.

Februari 28, 2017, mhandisi wa Amazon alikuwa anafuatilia tatizo kwenye mfumo wa malipo wa huduma yao ya kuhifadhi data, S3, huko Virginia. Alikuwa na ruhusa, na alifuata maelekezo yaliyoandikwa. Alitaka kuondoa seva chache. Akaingiza thamani moja vibaya kwenye amri, zikaondoka nyingi kuliko alivyokusudia, na sehemu kubwa ya tovuti za Marekani zikalala kwa saa kadhaa. Amazon ilipotoa maelezo kwa umma haikumtaja mtu. Ilisema zana iliruhusu kuondoa seva nyingi kwa haraka mno, na kwamba wameibadilisha iondoe polepole na ikatae kushusha uwezo chini ya kiwango cha lazima.

Ripoti za namna hiyo huandikwa kila mara ndani ya kampuni hizi, kwa kosa kubwa na dogo. Swali ni "mfumo ulikuruhusu vipi", siyo "nani kafanya". Kwa mtu aliyekulia kwenye ofisi ambako kosa hutafutiwa wa kubebeshwa kabla hata halijarekebishwa, unahitaji muda kuamini kwamba hawakutegi.

Saa za kazi zikoje ukiwa huku Afrika Mashariki?

Inategemea timu yako iko wapi. Kama wenzako wako Ulaya, maisha ni ya kawaida. Kama wako Seattle, wako nyuma yako kwa saa kumi wakati wa kiangazi chao na kumi na moja wakati wa baridi. Kikao chao cha saa tatu asubuhi kinakukuta saa moja jioni, au saa mbili usiku, watoto wanadai chakula na wewe umevaa vipokea sauti. Siku mbili kwa wiki unaweza kuzivumilia. Siku tano, ndoa itasema.

Kisha kuna zamu. Timu zinazoendesha huduma hubadilishana wiki: ukiwa zamu, simu inakaa kando ya mto wa kulalia, na ikilia saa tisa usiku una dakika chache za kujibu kabla haijampigia anayekufuata. Baadhi ya kampuni hulipa ziada kwa zamu, nyingine huhesabu ni sehemu ya kazi. Faida ya kuwa Nairobi ni kwamba timu nzuri hugawana saa: sisi tunashika mchana wetu wakati Wamarekani wamelala. Timu mbaya huwaachia watu wa Nairobi usiku wa wote.

Ama kufanya kazi nyumbani, usiitegemee. Amazon iliwarudisha wafanyakazi wake wa ofisini siku tano kwa wiki kuanzia Januari 2025.

Kupanda cheo kukoje? Ni bidii tu?

Bidii, na mtu wa kukusemea. Kila kampuni ina ngazi zenye namba, na kila mwaka au nusu mwaka unaandika uliyoyafanya, meneja wako anakwenda kwenye chumba cha mameneja wenzake, na huko ndiko daraja lako linakoamuliwa. Wewe haumo. Meneja akiwa mpole au mgeni, kazi yako nzuri inabaki kwenye laptopu yako.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mpaka Novemba 2013, Microsoft iliwalazimisha mameneja kupanga watu wao kwa mafungu ya lazima, wa juu wachache, wa kati wengi na wa chini lazima wawepo, hata kama timu yote ni hodari. Watu wakawa wanaogopa kufanya kazi na wenye akili. Waliufuta mfumo huo, ila kivuli chake bado kinatembea kwenye kampuni kadhaa.

Sisi wengine tumelelewa kutojisifu. Ukimwambia kijana wa Tanga aandike ukurasa mzima wa "mimi nilifanya", anaandika "tulifanya" kila mstari, na chumba kile kinasoma kwamba hakufanya kitu. Weka kumbukumbu ya kazi zako kila Ijumaa, na taja lililo lako kwa jina lako. Si majivuno. Wanaokusoma hawakujui.

Usalama wa kazi upo?

Ulikuwepo kwenye mawazo ya watu mpaka mwishoni mwa 2022. Novemba mwaka huo Meta iliwaachisha zaidi ya watu 11,000, na Machi 2023 ikatangaza wengine 10,000. Januari 2023 Google ilitangaza 12,000, Microsoft 10,000, na Amazon ikasema yake itafika zaidi ya 18,000. Wengine waligundua asubuhi kwamba nywila haifanyi kazi. Twitter iliwaachisha karibu wafanyakazi wake wote wa Accra, ofisi yake ya Afrika, siku chache baada ya kuhamia rasmi kwenye jengo lao.

Kampuni hizo hazikuwa zinafilisika. Mtu huachishwa kwa sababu bodi imeamua mradi wake hauna mbele, na ukadiriaji wake mzuri wa mwaka jana haumsaidii chochote.

Kama umeajiriwa Kenya, sheria inakulinda kiasi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja, amjulishe afisa wa kazi, na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Barua pepe kutoka California haifuti kifungu hicho. Usitie saini makubaliano yoyote siku hiyohiyo. Yapeleke kwanza kwa wakili wa mambo ya ajira.

Shikamoo nimeshapokea. Mwanangu ameitwa kazi Dublin, Ireland. Nimruhusu?

Mama, mruhusu, ila mkae chini kwanza mhesabu. Google na Meta wana makao yao makuu ya Ulaya Dublin, kwa hiyo si mahali pa kubahatisha. Akipewa kibali cha kazi cha ujuzi adimu, mwenzi wake anaruhusiwa kufanya kazi, na baada ya miaka miwili anaweza kuomba kubaki bila kufungwa kwa mwajiri mmoja. Hiyo ni faida kubwa. Kinachouma ni nyumba. Kupanga Dublin ni ghali na nyumba ni chache, na kodi ya mapato hufika asilimia 40 kwenye sehemu ya juu ya mshahara kabla ya makato mengine. Asikuahidi kujenga mwaka wa kwanza, na wewe mama usimdai.

Angekuwa ameitwa Marekani ningesema maneno mengine. Viza za H-1B, zile za kazi za kitaalamu, kwa kampuni ni 85,000 kwa mwaka na hupatikana kwa bahati nasibu. Septemba 2025 Rais Trump alitia saini tangazo la kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya. Na aliye na viza hiyo akiachishwa kazi, kwa kawaida ana siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kuondoka, awe na watoto shuleni au asiwe nao.

Naweza kuwa na biashara yangu pembeni?

Duka, shamba au bodaboda, hakuna anayejali. Programu ni hadithi nyingine. Mikataba mingi inadai kwamba ulichobuni ukiwa mwajiriwa ni cha kampuni. California ina sheria inayolinda kitu ulichotengeneza kwa muda wako na vifaa vyako, mradi hakihusiani na biashara ya mwajiri. Lakini kampuni yenye mkono kila mahali, kipi hakihusiani nayo? Omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kuanza, na laptopu ya kazi usiiguse kwa shughuli zako.

Nisipokubaliana na kinachofanywa, nina sauti?

Unayo, na inapungua. Mwaka 2018 maelfu ya wafanyakazi wa Google walitia saini barua kupinga Mradi wa Maven, ambao ulikuwa unasaidia jeshi la Marekani kuchambua picha za droni, na Juni kampuni ikasema haitauongeza mkataba huo. Novemba mwaka uleule wafanyakazi wapatao 20,000 walitoka ofisini kupinga namna malalamiko ya udhalilishaji wa kijinsia yalivyoshughulikiwa. Aprili 2024, walipokaa ofisini kupinga Nimbus, mkataba wa kuipa serikali ya Israeli huduma za kompyuta, Google iliwafukuza watu wapatao hamsini. Kampuni ileile, miaka sita baadaye.

Ndugu na marafiki wakijua ninafanya kazi huko?

Umekwisha. Kila kamati ya harusi wewe ni mwekahazina wa heshima, na kila harambee jina lako linasomwa la pili. Amua kiasi cha mwezi kwa mambo hayo, kikiisha sema kimeisha.

Nianze na kampuni kubwa au kampuni changa?

Mimi ningeanza na kubwa kama mlango uko wazi, nikae miaka mitatu au minne, nijifunze nidhamu na niweke akiba, halafu nitazame. Kwenye kampuni changa utashika kila kitu: seva, wateja, hata ankara, na utakomaa haraka. Lakini ukianza huko bila mtu wa kukusahihisha, tabia mbovu zinaota mizizi. Sharti langu ni moja: iwe timu yenye kazi halisi. Kuna watu wamekaa miaka miwili ndani ya jina kubwa wakitunza kitu kinachosubiri kufungwa, na wasifu wao ukawa na nembo bila hadithi.

Usaili ukiisha wakiniuliza "una swali?", niulize nini?

Usiulize kuhusu chakula cha bure. Muulize meneja mtarajiwa: mtu wa mwisho kupandishwa cheo kwenye timu hii alifanya nini? Aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla yangu yuko wapi sasa? Mara ya mwisho simu ya zamu kulia usiku ilikuwa lini, na tatizo lenyewe lilirekebishwa au lilizimwa tu? Maamuzi ya bidhaa hii yanafanyiwa Nairobi au tunaletewa? Kisha mwombe uzungumze dakika kumi na mhandisi mmoja wa timu bila meneja kuwepo. Wakikataa hilo la mwisho, waulize na sababu.